Zamu ya Kibao

Kibao chenyewe hakina uzito. Ubao wa mwerezi, kipande cha kamba,
na majina ya nyumba ishirini na tatu kwa wino.
Kumi na mbili nimezipiga mstari mimi mwenyewe.
Atakayekikuta mlangoni jioni
ndiye macho ya kijiji hadi alfajiri.

Hapa Kuzumori mapaa ni nyasi tupu,
mazito, yameinuka kama viganja viwili
vilivyokutana vikasahau kuachana.
Hakuna msumari. Kamba zinashika mihimili
na sisi tunazishika kamba.
Katikati ya kila nyumba, jiko la shimo:
moshi wake hufukuza wadudu darini,
cheche yake hutunyima usingizi.
Mlinzi na mwizi wanakula sahani moja.

Bibi yangu aliona nyumba saba zikiondoka
kabla chungu cha wali hakijakauka maji.
Tangu hapo tunazunguka. Mara nne kwa usiku,
vijiti viwili vya mti mgumu mkononi:
ko, ko. Kimya. Ko, ko.
Maana yake: chungulia jiko lako, ulale.
Mapigo ya mfululizo ni neno jingine kabisa.

Lakini nyumba ya Tokuzo haikuguswa na moto.
Alikufa Februari, jiko likapoa.
Miaka mitatu bila moshi, kuvu ikapanda paa
taratibu, kama mtu anayejivutia shuka.
Wakaja watu wa wizara, wakapima nyufa,
wakabandika karatasi mlangoni: URITHI.
Karatasi haiwashi jiko.

Ndipo akaja Nhung, mfungasha uyoga wa kiwanda cha bondeni,
akaikodi kwa bei ya baiskeli,
yeye, mwanawe, na sufuria zake kutoka Vietnam.
Masaharu akanung'unika: mgeni, tena na moto?
Nikampelekea kibao. Zamu haiulizi ukoo.

Usiku wa kwanza alikuwa na baridi na hofu.
Akavipiga kama abishaye hodi hospitalini:
kokokokokoko!
Ungetuona!
Masaharu na nguo za kulalia, kiatu kimoja,
Kinue na ndoo, miaka themanini na minne,
mapacha wa Iwase wakiburuta mpira wa maji gizani.
Mzinga wa kwanza ukatema juu ya mapaa,
wa pili ukaitikia,
mwezi ukawa na mvua yake peke yake.
Wa tatu ukakohoa kutu, ukanyamaza.
Huo ndio wa hekalu na nyumba za juu.
Tangu lini? Hakuna aliyejua.
Kila Novemba tuliujaribu kwa mdomo: "Ule mzima."

Nhung alisimama katikati ya njia analia,
akiomba radhi kwa lugha mbili.
Hakuna aliyemsikia. Tulikuwa tunahesabiana.
Kumi na tisa.
Nilidhani tumebaki wachache zaidi.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Hawakukosea. Ila usiku ule, nikiwa nimelowa hadi mifupani,
neno lilijipindua kinywani mwangu:
kinga na kinga, ndipo moto uzimikapo.

Asubuhi Masaharu aliifungua vali ya tatu
kwa nyundo, mafuta ya taa na matusi.
Mimi nilisaga wino.
Mstari niliompigia Tokuzo sikuufuta;
juu yake palikuwa na nafasi ya herufi chache.
Nikaandika. Wino ukatambaa kidogo kwenye nyuzi za mti,
na kule darini kwake
moshi ulikuwa unapapasa nyasi kuukuu,
unatafuta njia yake ya zamani.